Mrututu wa Nasrin

Bashiru alifika shuleni kabla ya mzazi mwingine yeyote. Alikuwa ametoka Nakapanya jana yake kwa basi, akalala kwa binamu yake mtaa wa Bombambili, na baada ya swala ya alfajiri hakungoja chai. Alivaa kanzu aliyoishonesha kwa ajili ya Idi, na juu yake koti la suti, kwa sababu baridi ya Songea humwingia mtu wa Tunduru hadi kwenye mifupa. Mlinzi wa getini aliitazama kanzu, akaitazama kofia, akauliza kama yeye ndiye shehe aliyealikwa kuombea sherehe.

"Mimi ni baba yake Nasrin," alisema Bashiru.

"Nasrin yupi? Yule wa maabara?"

"Huyohuyo."

Namna mlinzi alivyolitamka neno hilo, yule wa maabara, ilimpendeza Bashiru kiasi kwamba alitamani kuulizwa tena.

Ilikuwa Siku ya Wazazi, na mwaka huu sherehe ilikuwa na jambo la ziada. Shule ilikuwa imepewa nafasi ya mwanafunzi mmoja kwenye maonyesho ya sayansi ya shule za sekondari, Dodoma. Walijaribu wengi, wakachujwa, wakabaki wawili: Nasrin, na kijana mmoja wa Peramiho aitwaye Leonce. Leo, mbele ya wazazi, mkuu wa shule angemchagua mmoja wao. Sharti lake lilikuwa fupi, na lilibandikwa kwenye mlango wa maabara. Kila mshindani atengeneze chumvi yake asubuhi hiyohiyo, kwa mikono yake mwenyewe, na iwe mezani wageni watakapoingia.

Nakapanya yote ilijua habari hiyo, kwa sababu Bashiru mwenyewe ndiye aliyeieneza. Aliisema msikitini baada ya swala ya Ijumaa. Aliisema ghalani watu walipokuwa wakipanga magunia ya korosho. Kaka yake mkubwa, Abdulswamadu, ambaye hakuwahi kuafiki mtoto wa kike kwenda kusoma mbali, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Haya. Tutamwona atakavyorudi." Bashiru akamjibu kwamba atakayerudi ni mtoto anayekwenda Dodoma. Alikuwa amelitamka neno hilo mbele ya watu, na sasa lilikuwa limemtangulia njiani.

Maabara ilikuwa chumba kirefu chenye meza za saruji. Mwalimu wa kemia, Lidwina, mwanamke mfupi, mwepesi wa hatua, alimpokea mlangoni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwalimu. Habari za kazi?"

"Njema. Wazazi hawaingii mpaka wageni wafike, lakini wewe umetoka mbali. Kaa pale dirishani. Naomba usiguse kitu."

"Sitagusa," alisema Bashiru, na alimaanisha.

Nasrin alikuwa meza ya mbele. Hijabu yake aliichomeka ndani ya koti jeupe, na miwani ya plastiki ilimfunika nusu ya uso. Baba yake alichelewa kidogo kumtambua. Aliyemjua yeye alikuwa mtoto wa kukimbizana na mbuzi kwenye mikorosho. Huyu aliyesimama hapa alikuwa na chupa mkononi na hakuwa na haraka.

"Shikamoo, atati," alisema Nasrin. Hivyo ndivyo walivyomwita baba nyumbani, kwa Kiyao.

"Marahaba, mwanangu."

Kutoka meza ya pili kijana mrefu aliinua kichwa. "Mtani, umeleta mkalimani?"

"Nimeleta shahidi," alijibu Nasrin bila kugeuka. "Ukishindwa usije ukasema umeonewa."

"Mngoni kushindwa na Myao? Historia haina habari hiyo."

"Historia yenu inasubiri mvua zinyeshe mkaokote kumbikumbi. Mimina asidi yako, Leonce, usiunguze vidole."

Bashiru alicheka. Utani huo aliukuta kwa baba yake, na baba yake aliukuta kwa wake. Alifurahi kuona kwamba mtoto wake hakuusahau darasani.

Nasrin alimimina kimiminika kisicho na rangi ndani ya kikombe cha kioo, bika. Bashiru alinyoosha shingo atazame.

"Hayo si maji ya betri?"

"Ndiyo hayohayo, atati. Ni asidi ya salfuriki, ila hii imezimuliwa na ni safi. Na huu hapa ni unga wa kabonati ya shaba. Nao ni chumvi."

"Chumvi ya kijani?"

"Chumvi ziko nyingi. Ya kwenye mboga ni moja tu katika ukoo mkubwa. Hii ya kijani ikikutana na asidi, inavunjika, na inazaliwa chumvi nyingine. Tazama."

Alichota unga kidogo kwa kijiko, akautia ndani ya bika. Papo hapo povu lilipanda kwa mvumo mdogo, kama soda iliyofunguliwa ghafla. Unga ulitoweka, na maji yaliyokuwa meupe yakaanza kuingia buluu. Nasrin aliutega mpira mwembamba juu ya povu, akaupeleka mwisho wake ndani ya maji ya chokaa. Maji ya chokaa yalichafuka yakawa kama tui.

"Hiyo ni hewa ya ukaa," alisema. "Ndiyo tunayoitoa tukipumua. Kabonati yoyote ukiitilia asidi, lazima iitoe. Ni kama mtu anayeguna akifinywa."

Aliendelea kutia unga, kijiko baada ya kijiko, akikoroga kwa kijiti cha kioo. Kila mara povu lilikuwa dogo kuliko la awali.

"Mbona unazidisha?" aliuliza Bashiru.

"Natia mpaka povu likome. Likikoma, najua asidi imekwisha yote. Unga utakaobaki chini nitauchuja. Nikiacha asidi ndani, chumvi yangu haitakuwa safi."

Povu lilikoma. Unga wa kijani ulitulia chini ya bika bila kufanya chochote. Nasrin aliikunja karatasi ya kuchujia, akaipanga kwenye faneli, akamimina polepole. Kilichodondoka chini kilikuwa buluu tupu, buluu iliyokolea, na jua la dirishani lilipopita ndani yake lilitua mezani likiwa na rangi hiyohiyo. Bashiru aliijua. Aliiona kila mwaka ndani ya mifuko kwenye duka la pembejeo.

"Mrututu," alisema.

"Mrututu, atati. Hapa tunauita salfeti ya shaba."

Siku zote Bashiru alidhani mrututu huchimbwa ardhini kama mawe. Sasa ulikuwa ukitengenezwa na mtoto aliyemzaa yeye. Alikaa wima zaidi kwenye kigoda chake.

Nasrin aliuhamishia mmumunyo ule kwenye bakuli la kauri, akaliweka juu ya chuma cha miguu mitatu, akawasha taa ya spiriti chini yake. Mwalimu Lidwina alikuja akasimama kando. Alimuuliza maswali kwa Kiingereza, kama inavyofanyika darasani, na Nasrin akamjibu kwa Kiingereza, moja baada ya jingine, bila kukwama. Bashiru hakulielewa hata neno moja. Aliufurahia mwendo wa maneno tu. Mwalimu alipouliza swali la mwisho na Nasrin akalijibu kwa kuonyesha ukingo wa bakuli kwa kidole, Bashiru naye alitikisa kichwa kukubali.

Kisha mwalimu aliitwa ofisini. Haukupita muda, kiranja wa bweni, msichana aitwaye Noela, alisimama mlangoni akihema.

"Matroni anataka kidato cha nne wote. Viti havijapangwa na magari yameshaonekana barabarani. Na ninyi wa maabara pia. Kasema hakuna cha maabara."

Leonce alikuwa amekwisha kuzima moto wake na kuliweka bakuli lake ndani ya beseni la maji baridi. Alitoka. Nasrin aliutazama mmumunyo wake. Ulikuwa bado mwepesi.

"Atati, narudi sasa hivi. Usifanye lolote. Ukiona pembeni inaanza kuganda, niite. Nitakuwa hapo nje."

"Nenda. Niko hapa."

Alikaa, mikono juu ya magoti, macho kwenye bakuli. Alikuwa mlinzi mwaminifu. Baada ya muda aliona ukoko mwembamba ukitokea ukingoni, unang'aa. Aliinuka amwite. Alifika katikati ya chumba, akasimama.

Mama yake Bashiru, Mungu amrehemu, alikuwa fundi wa magadi ya majivu. Alichoma maganda na mabua, akayatia majivu kwenye chungu chenye matundu, akayachuja kwa maji, na maji hayo akayachemsha mpaka yakauke. Nakapanya hakuna kisamvu wala mlenda unaoiva sawasawa bila magadi. Na mwanamke alipimwa kwa magadi yake. Aliyeyaepua mapema, yangali mabichi, alichekwa na mawifi, maana yalilowa chunguni na kunuka. Aliyevumilia motoni mpaka yakawa meupe na makavu, huyo alikuwa na nyumba. Nasrin alilelewa mgongoni mwa bibi huyo.

Mtoto ana haraka kwa sababu ya wageni, aliwaza Bashiru. Akiepua sasa, yatakuwa mabichi. Alirudi kwenye kigoda chake, akakaa. Hakugusa kitu.

Viti vilikuwa vingi, na Nasrin alichelewa kurudi. Ndani ya bakuli maji yalikwisha, punje chache zikaruka na kutulia, kisha ile buluu ikaanza kupauka kutoka chini kwenda juu. Ikawa kama anga la asubuhi. Ikawa kijivu. Mwisho ikawa poda nyeupe, kavu, isiyo na unyevu hata chembe, na Bashiru aliitazama kwa moyo mweupe vilevile. Mama yake asingeweza kupata magadi bora kuliko yale.

Nasrin aliingia mbio.

"Njoo uone," alisema Bashiru. "Yamekuwa meupe kabisa."

Nasrin alifika mezani, akasimama. Alinyoosha mkono, akaifunika taa kwa kifuniko chake, moto ukazimika.

"Atati, uliona pembeni ikiganda?"

"Niliona. Nikasema bora yakauke vizuri."

"Kama magadi ya bibi."

"Kama magadi ya bibi yako." Sauti yake ilishuka. "Nimeharibu?"

"Chumvi hii haifanani na magadi. Punje zake za buluu hushika maji ndani, maji hayo ndiyo yanayozifanya ziwe fuwele na ziwe buluu. Tukiyafukuza yote, inabaki hii."

"Hilo ndilo ulilomwambia mwalimu kwa Kiingereza?"

"Ndilo."

Bashiru alivua kofia, akaivaa tena. Nje milango ya magari ilikuwa ikifungwa. "Getini kuna bodaboda. Naweza kufika mjini nikarudi na mrututu sasa hivi. Wa dukani ni buluu vilevile."

"Na mkuu akiniuliza nimeutengenezaje, nimwambie ameutengeneza bodaboda?"

Bashiru alirudi dirishani.

"Nikiitia maji, buluu itarudi," alisema Nasrin, kama anayejisemea mwenyewe. "Lakini fuwele hazina haraka. Zinataka kupoa taratibu. Wageni wako hapo mlangoni."

Leonce alirudi, akalitoa bakuli lake kwenye beseni. Ndani yake kulikuwa na fuwele nyeupe, nyembamba, zinazong'aa. Alitazama meza ya jirani.

"Mtani, leo umetupikia nini? Huo ni unga wa muhogo?"

Leonce aliutazama uso wa Bashiru, akaona amekanyaga pasipotakiwa. "Samahani, baba," alisema, akarudi kwenye meza yake.

Wazazi waliingia, wakajaza maabara mpaka ukutani. Mkuu wa shule, Mwalimu Yohanes, alikuwa mtu mrefu mwenye sauti ya kanisani. Alianza na Leonce. Leonce alieleza kwamba ametumia amonia, ambayo ni alikali, na asidi ya salfuriki. Viwili hivyo vinapokutana kwa kipimo sahihi, kila kimoja hupoteza ukali wake, na kinachopatikana ni chumvi ambayo wazazi wote waliomo humu wanaijua: mbolea ya SA. Wakulima wa mahindi walipiga makofi. Mwanamke mmoja alitaka kuionja akazuiwa. Leonce alijibu maswali yote, na alijibu vizuri.

Mkuu alihamia meza ya mbele. Aliitazama poda, akamtazama Nasrin.

"Ulituahidi fuwele za buluu."

"Ndiyo, mkuu. Nilichukua kabonati ya shaba, nikaitia kwenye asidi mpaka povu likakoma. Nikachuja, nikapata mmumunyo wa buluu. Nikauweka motoni nipunguze maji. Hapo nilikosea. Niliuacha moto ukapita kiasi, na chumvi ikapoteza hata yale maji yaliyoshikwa ndani yake."

"Ulikuwa wapi?"

"Nilitoka kupanga viti. Nilipaswa kuuzima kwanza."

Bashiru alisikia maneno hayo kutoka nyuma ya watu. Mtoto alikuwa ameubeba mzigo wote peke yake, kwa sauti iliyonyooka, wala hakuelekeza jicho lake dirishani. Bashiru alisogeza mabega ya watu akapita.

"Mkuu wa shule, samahani. Mimi ni baba yake. Aliniambia nimwite moto ukifika mahali fulani. Nilipaona, sikumwita. Kwetu magadi hukaushwa mpaka yawe meupe. Nilidhani namsaidia."

Watu walicheka, si kwa ubaya. Mkuu hakucheka.

"Uligusa kitu, mzee?"

"Sikugusa. Niliacha tu."

"Basi sharti halikuvunjwa." Mkuu alimgeukia Nasrin. "Lakini moto ni wa aliyeuwasha, na wewe uliuacha. Dodoma hakuna atakayekusikiliza habari za viti. Mwenzako ana chumvi aliyoahidi. Wewe una nini?"

Bashiru alihisi kwamba amesimama kumtetea mwanawe na badala yake amemfikisha ukingoni.

"Nina hii, mkuu," alisema Nasrin. "Naomba nionyeshe inachofanya."

Alichota poda kidogo, akaiweka kwenye kioo cha saa, kisahani kidogo cha maabara, akaidondoshea tone moja la maji. Poda ilipiga mvuke mdogo, na mahali tone lilipoangukia pakawa buluu, buluu ileile ya mwanzo. Walio karibu waliguna.

"Shika chini ya kioo, mkuu."

Mkuu alishika, akauondoa mkono haraka. "Pana moto."

"Inayapokea maji yake yaliyofukuzwa, na inatoa joto ikiyapokea." Alichota poda nyingine, akaidondoshea mafuta ya taa kutoka chupa iliyoazimwa kwa mpishi wa shule. Poda ililowa, ikabaki nyeupe. "Mafuta haiyajali. Inajali maji tu. Kwa hiyo mahali popote maji yalipojificha, poda hii inayatoa hadharani."

Mzee mmoja mnene alijipenyeza mbele. Alikuwa Pankrasi, mwenye mashine ya kusaga Mpitimbi, ambaye mjukuu wake alisoma kidato cha pili.

"Binti, hata kwenye dizeli?"

"Hata kwenye dizeli, babu."

"Mashine yangu inazimika kila siku, na fundi ananiambia maji, na anayeniuzia anasema fundi ni mwongo. Nina dumu kwenye gari, nimelinunua asubuhi hii njiani. Nililete?"

Mkuu alitazama saa, kisha akatikisa kichwa kukubali. Mwalimu Lidwina alihakikisha hakuna moto uliobaki mahali popote. Dumu lilikuja. Nasrin aliteremsha mrija mrefu wa kioo mpaka chini kabisa, akaziba juu kwa kidole, akautoa, akaidondoshea poda. Walio nyuma walisimama kwa ncha za vidole. Poda ilinywa dizeli kwanza, bila kubadilika. Kisha madoa ya buluu yalijitokeza, moja, jingine, yakaungana.

"Aisee," alisema Pankrasi taratibu. "Fundi nilimtukana bure."

Kicheko kilikijaza chumba. Mwanamke mmoja alimwambia akimaliza na dizeli aende akapime na uji wa mama lishe wa stendi.

"Nani alikufundisha hili?" aliuliza mkuu.

"Lilikuwa kwenye kitabu, mkuu. Nililisoma, sikuwahi kuliona. Poda hii hatujawahi kuwa nayo hapa."

Mkuu alizungumza na Mwalimu Lidwina kwa sauti ya chini. Leonce alikuwa akiikuna meza kwa ukucha. Hatimaye mkuu alisema mbele ya wote. Alichoonyesha binti huyu hakikuandaliwa, na amekijibu kama mtu anayejua. Hata hivyo, kazi ilikuwa fuwele, naye hataki kumpeleka Dodoma mtu ambaye hajathibitisha kwamba anaweza kuzima moto. Poda iliyobaki ingetosha. Atengeneze tena, sasa hivi, peke yake, mpaka wazazi watakapomaliza kula na hotuba kwisha.

"Mlango utafungwa," alisema mkuu. "Na Mzee Bashiru atakaa uwanjani, mbali na moto wowote."

Hata Bashiru alicheka, ingawa kicheko chake kilikuwa kifupi.

Chini ya turubai alipewa sahani ya pilau. Aliitazama tu. Afisa wa elimu alizungumza. Mwenyekiti wa bodi alizungumza. Kwaya ya wanafunzi iliimba. Leonce alikuja na kiti chake, akakaa karibu naye.

"Baba, kula. Pilau ikipoa inakuwa kama ile chumvi ya mtani wangu."

"Na wewe mbona huli?"

"Nasubiri kama wewe. Bibi yangu Peramiho naye anatengeneza magadi. Anakausha mpaka yanakuwa meupe. Ningekuwa na bibi mle ndani badala yako, na mbolea yangu ingeungua."

Bashiru alimtazama. "Ukichaguliwa wewe, sitakuwa na kinyongo."

"Usiseme hivyo, baba. Nikichaguliwa mimi, Nakapanya utaingilia mlango gani?"

Bashiru alikula kijiko kimoja cha pilau.

Hotuba ya mwisho ilikuwa inaelekea ukingoni mlango wa maabara ulipofunguliwa. Nasrin alitoka bila miwani, bakuli mikononi, akitembea kama anayebeba maziwa yaliyojaa. Mwalimu Lidwina alimfuata nyuma. Nasrin alilipeleka bakuli moja kwa moja kwenye meza ya wageni, akaliweka mbele ya mkuu.

Bashiru aliinuka kabla hajaambiwa. Kutoka aliposimama aliona tu jinsi mkuu alivyoinama, akasogea mbele. Mkuu alimimina maji yaliyobaki, akachukua fuwele moja kwa koleo, akaiinua kwenye jua. Ilikuwa ndogo, si kubwa kuliko punje ya mtama, lakini kingo zake zilikuwa kali kama zilizokatwa na sonara, na buluu yake iliwaka juani.

"Moto uliuzima lini?" aliuliza mkuu.

"Ukoko ulipotokea ukingoni. Nikalifunika bakuli, nikaondoka mezani nisije nikalitikisa."

"Ulikaa wapi?"

"Dirishani, mkuu. Kwenye kigoda cha baba."

Mkuu aliirudisha fuwele ndani ya bakuli. Alichukua kipaza sauti. Alisema shule imepata chumvi mbili nzuri siku hiyo, na Leonce angeandamana na timu ya mkoa kama mwanafunzi wa akiba, kama nafasi itapatikana. Kisha akasema kwamba atakayesimama Dodoma kwa jina la shule ni Nasrin, na atakwenda na mabakuli mawili, la fuwele za buluu na la poda nyeupe.

Makofi yalianza upande wa wanafunzi wa kike, yakaenea. Leonce aliinuka wa kwanza upande wake, akapiga makofi juu ya kichwa, akapaza sauti, "Muhogo umeshinda." Pankrasi alimshika Bashiru mkono, akautikisa kwa muda mrefu, akamuuliza kama binti yule angeweza kumpa poda kidogo aondoke nayo. Wazazi ambao hakuwajua walimjia mmoja mmoja. Wewe ndiye baba yake? Ndiye mimi. Wewe ndiye baba yake? Ndiye mimi. Alimjibu kila mmoja kwa ukamilifu uleule, na hakuchoka.

Nasrin alipomfikia alikuwa na madoa ya buluu kwenye vidole. Bashiru aliishika mikono hiyo, akaigeuza, akaitazama viganja na kucha.

"Haya yanatoka?"

"Yanatoka, atati. Kwa sabuni."

"Usiyatoe leo."

Alisogea pembeni penye mtandao, akampigia simu mkewe, Tabu. Simu iliita mara moja tu ikapokelewa, na nyuma ya sauti ya mkewe alisikia sauti za watu wengine waliokuwa wamemzunguka.

"Amepata," alisema Bashiru. "Anakwenda Dodoma."

Upande wa pili vigelegele vilipanda. Alingoja vishuke.

"Alhamdulillahi," alisema Tabu. "Ametengeneza nini?"

"Chumvi."

"Chumvi? Ya mboga?"

"Hailiwi, Tabu. Ni ya buluu. Ukiikausha sana inakuwa nyeupe, na ukiitia maji inarudi buluu. Ina maji ndani yake ambayo huwezi kuyaona. Anza na asidi, utie kabonati mpaka povu likome, halafu uchuje." Alikuwa akiongea kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, na wazazi wawili waliokuwa wakipita walipunguza mwendo kusikiliza. "Abdulswamadu yupo hapo? Mpe simu. Nataka nimweleze kuanzia mwanzo."